Kubeti mbio za farasi na siri za bandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumapili zenye mbio pale Ngong, Nairobi, huwa naenda na mtu mmoja au wawili ambao hawajawahi kumwona farasi wa mbio kwa karibu. Mikeka ya kubeti mpira wameshaizoea. Nusu saa ya kwanza wanauliza farasi yupi mzuri. Baadaye, wakishaona masaisi, yaani watunza farasi, wanavyonong'onezana na wenye farasi kando ya uzio, swali linageuka: "Hawa si wanajua tayari?" Maswali yote ya hapa chini yamezaliwa na hilo moja. Mifano mingi nimeitoa Ireland, Uingereza na Australia, kwa kuwa huko ndiko visa hivi vimeandikwa vikaeleweka mpaka mwisho wake.

Habari ya ndani ni ipi, na ipi ni ya kila mtu?

Simama kando ya kile kiwanja kidogo ambamo farasi hutembezwa kabla ya mbio. Utaona mengi bila kumuuliza mtu: jasho lililotoka povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, masikio yaliyolazwa nyuma, farasi anayemburura saisi wake na mwingine anayevutwa kama mbuzi wa mnadani. Hayo si siri. Aliyelipa kiingilio anayaona sawasawa na tajiri. Mbio alizokimbia nyuma, uzito aliopangiwa kubeba na jina la joki, yaani anayempanda, vimechapishwa kwenye kijitabu cha siku hiyo.

Habari ya ndani ni ile uliyoipata kwa kazi yako au kwa ukaribu wako na banda, na mtu wa nje hana njia ya kuipata. Kwamba farasi amekohoa siku tatu. Kwamba daktari wa mifugo aliitwa usiku. Kwamba jana alfajiri alikimbizwa mazoezini pamoja na farasi mwenye jina kubwa akamwacha mbali. Kwamba kesho hataletwa kabisa, ingawa jina lake limo kwenye orodha. Kanuni za mbio za Uingereza nazo zinakata hapohapo: ni habari inayogusa kama farasi atakimbia au atakimbiaje, anayoijua mtu kwa nafasi yake kwenye mchezo, na haijatangazwa kwa umma.

Mwenye farasi anajua mengi kuliko mimi. Anaruhusiwaje kubeti?

Anaruhusiwa. Uingereza hata mkufunzi na wafanyakazi wa banda wanaruhusiwa kuweka dau kwamba farasi wao atashinda. Mgeni wa mchezo huu husikia hivyo akashangaa, lakini mbio zenyewe zilianza kwa mabwana wawili kubishana: wangu na wako, tuweke fedha. Dau lilitangulia, kanuni zikaja nyuma. Jockey Club ya Uingereza, chama kilichokuja kusimamia mbio, iliyoanzishwa 1750, ilikuwa ni kundi la mabwana haohao. Kumkataza mwenye farasi asibeti kungekuwa kama kumkataza mwenye harusi asile pilau.

Tena kuna hesabu ya kawaida ya nyumbani. Farasi anakula kila siku, akimbie asikimbie, na zawadi za mbio ndogondogo haziwezi kulipia shayiri, saisi na kwato. Wapo waliotegemea dau moja zuri kwa mwaka ili banda lisifungwe.

Mimi sioni ubaya wowote hapo, maadamu maslahi ya mwenye farasi na ya farasi yako upande mmoja.

Mbona kwenye soko la hisa jambo hilohilo ni jela?

Kwa sababu siri si yake. Mkurugenzi wa kampuni anashika habari kwa niaba ya wenye hisa. Akiitumia kununua au kuuza kabla yao, anawaibia watu waliomweka pale. Uingereza ilifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai mwaka 1980. Mwenye farasi ameshika siri ya mali yake mwenyewe.

Ila ukiligeuza swali hilo linamuuma mtu mwingine bandani. Saisi anayeuza habari ya kikohozi kwa mcheza kamari anauza kitu kisicho chake. Habari ni ya mwajiri wake, na kwa namna fulani ni ya wale wote watakaoweka dau leo wakiamini farasi ni mzima.

Joki je, anaruhusiwa kubeti?

Hapana. Hata kwa farasi anayempanda mwenyewe. Ana hatamu mkononi, na mbio moja ina majoki wengine wanaovaa na kuvua naye kwenye chumba kimoja. Hapa kanuni za Uingereza hazina "lakini", na nadhani ziko sawa.

Kuna tofauti gani kati ya kujua kwamba farasi atashinda na kujua kwamba atashindwa?

Hapa ndipo penye mambo.

Zamani, mtu wa kawaida alikuwa na njia moja tu ya kupata hela: farasi aliyemchagua ashinde. Aliyefaidika farasi akishindwa ni buki, yaani yule anayepokea madau. Juni 2000 kampuni ya Betfair ikafungua Uingereza soko la mtandaoni ambalo yeyote anaweza kuwa buki. Wewe unasema farasi huyu atashinda, mimi nasema hatashinda, tunakubaliana bei, kampuni inachukua kamisheni yake. Kwa mtu mwaminifu ni bei nafuu kuliko kwenye duka la buki. Kwa mtu mwenye mkono mchafu, dunia imefunguka.

Fikiria kazi yenyewe. Ili farasi ashinde unahitaji farasi mwenye uwezo, siku njema, udongo anaoupenda, joki mwenye akili, na wapinzani wasiwe na siku yao. Ukiwa na vyote hivyo bado unaweza kushindwa kwa pua. Ili ashindwe unahitaji kumnywesha ndoo ya maji dakika chache kabla ya mbio. Au joki anayechelewa kutoka langoni kwa kupepesa jicho. Au mkufunzi anayemwingiza kwenye mbio za maili mbili ilhali mapafu yake ni ya maili moja. Anayejua kwamba farasi wake atashinda, kwa kweli anatumaini tu, ila tumaini lake lina msingi kuliko langu. Anayejua kwamba atashindwa, mara nyingi anajua kwa sababu mtu amefanya jambo.

Ndiyo maana huko Uingereza mwenye farasi, mkufunzi na wafanyakazi wa banda wamekatazwa kubeti kwamba farasi wao atashindwa, hata kama nia yao ni safi. Soko lile limeleta dawa pamoja na ugonjwa, maana kila dau lina jina la mtu, saa na dakika. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilikubaliana na wasimamizi wa mbio kuwapa kumbukumbu za akaunti zinazotiliwa shaka. Kwa buki wa zamani mwenye mkoba wa ngozi na daftari usingepata kitu kama hicho.

Lakini aliyeibiwa si buki? Nani amhurumie buki?

Machozi ya buki hata mimi siyafuti. Ila tazama fedha inavyotembea.

Buki hajui nani ana siri na nani hana, kwa hiyo anapanga bei akiwa ameshaweka kinga dhidi ya wenye siri. Farasi aliyestahili 6 kwa 1, yaani weka shilingi moja upate sita juu yake, anakupa 5 kwa 1. Kinga hiyo tunailipa sisi tusiojua lolote. Mwenye siri anapokula, buki anajaza shimo kwa kupunguza bei za wengine.

Kwenye kapu la pamoja mambo ni wazi zaidi. Mfumo huo ulianzishwa na Joseph Oller huko Ufaransa karne ya 19: madau yote yanatiwa kapu moja, mwendeshaji anakata sehemu yake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Hapo buki hayupo. Anayekuja dakika ya mwisho na habari za bandani anatoa fedha mfukoni mwa jirani yake wa foleni. Watu wengi huniambia kapu ni la haki zaidi kwa sababu "hakuna kampuni". Kwa suala hili la siri, mimi naona kinyume.

Na mabuki wenyewe si malaika. Mteja anayeshinda mara kwa mara anapunguziwa kiasi anachoruhusiwa kuweka mpaka kinabaki cha soda. Yaani wanataka kamari na watu wasiojua tu. Mtu akilalamika kwamba wenye siri wanacheza bila haki, na hilo pia alitie kwenye mzani.

Yule bwana wa Ireland aliyeziba simu: shujaa au mwizi?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, kwa hiyo vuta kiti.

Anaitwa Barney Curley. Aliwahi kusomea upadri kwa Wajesuiti kabla ya kuingia kwenye farasi. Mwaka 1975 alikuwa na farasi aitwaye Yellow Sam, wa daraja la chini kabisa, na akachagua mbio ndogo kwenye uwanja wa kilimani uitwao Bellewstown, tarehe 26 Juni. Si kwa ajili ya majani yake. Uwanja mzima ulikuwa na simu moja ya umma.

Sasa elewa kwa nini simu. Ukiweka dau kwenye duka la mjini bila kuchukua bei mapema, unalipwa kwa bei iliyokuwa uwanjani mbio zinapoanza. Duka likiona fedha nyingi zinamwelekea farasi mmoja, linapiga simu uwanjani, mtu wao anambetia farasi huyohuyo pale, na bei inaanguka. Simu ikizibwa, bei inabaki juu.

Watu wa Curley walitawanywa kwenye maduka kote nchini wakiwa na bahasha zilizofungwa na madau madogomadogo, jumla yake kama pauni 15,000. Dakika chache kabla ya mbio wakaweka wote kwa mpigo. Uwanjani, jamaa mmoja aitwaye Benny O'Hanlon aliingia kwenye kibanda cha simu, akapiga, akaanza kuongea na hospitali iliyokuwa haipo, kuhusu shangazi aliyekuwa hayupo, ambaye alikuwa anakata roho. Nje foleni inarefuka. Watu wa mabuki wanataka simu kwa udi na uvumba, lakini nani atamnyang'anya simu mtu anayemuaga shangazi yake? Inasimuliwa kwamba walimwonea huruma. Curley mwenyewe alikuwa amejificha kwenye vichaka vya miiba katikati ya uwanja, maana mabuki wakiuona uso wake tu wangeshtuka. Yellow Sam akashinda kwa 20 kwa 1. Faida ilipita pauni 300,000, na mabuki kwa hasira wakalipa kwa noti za pauni moja moja, zikajaa mifuko 108.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Farasi alikuwa ni yeye mwenyewe, hakupewa dawa, alikimbia kwa uwezo wake. Kusema uongo kwenye simu kuhusu shangazi si jinai. Miaka ya baadaye Curley alianzisha shirika la kusaidia shule na hospitali Zambia, akafariki 2021 akiwa anapendwa na watu wengi. Mimi pia kisa hiki nakisimulia huku nacheka.

Kicheko changu kinakwama mahali pamoja. Yellow Sam alipataje bei ya 20 kwa 1 na uzito mwepesi? Kwa sababu kabla ya siku ile alikuwa ameingizwa kwenye mbio zisizomfaa, kwenye viwanja na hali asizozipenda, akashindwa mara kwa mara. Wapanga uzito, ambao kazi yao ni kuwabebesha farasi wazuri mzigo mkubwa ili mbio ziwe sawa, wakamwona mnyonge wakampunguzia. Je, mbio zile za kushindwa hakuna aliyembetia? Kuna mtu alikwenda dukani na pauni yake moja kwa kuwa alipenda jina, au rangi ya joki. Yule hana mfuko kati ya ile 108, na hakuna anayemtaja kwenye kisa. Watu wakiuliza kama simu ilikuwa haki, mimi nawauliza kuhusu mbio za mwezi wa nyuma.

Je, kisa cha farasi Gay Future ni hadithi ileile?

Inafanana kwa juu. Ilitokea mwaka mmoja kabla, 26 Agosti 1974, kwenye uwanja wa Cartmel kaskazini mwa Uingereza, siku ya mapumziko ambayo mbio zilikuwa nyingi na mabuki wametingwa. Genge la watu wa Cork likiongozwa na mjenzi Tony Murphy lilimficha farasi wa kweli Ireland, likampeleka mwingine kwa mkufunzi wa Scotland kwa jina hilohilo, kisha likawabadilisha njiani.

Mikeka yao ilikuwa ya kuunganisha: Gay Future pamoja na farasi mwingine mmoja au wawili wa banda hilohilo waliotarajiwa kukimbia kwingine siku hiyo. Buki akiona mkeka wa namna hiyo hapotezi usingizi. Hao wengine watauchana tu. Wale wawili hawakuondoka bandani hata kidogo. Kwa kanuni, farasi asipokimbia anatolewa kwenye mkeka, na dau lote likaangukia kwa Gay Future peke yake. Na kiwanjani, kabla hajatembezwa, walimsugua miguu kwa sabuni ya unga ili povu lionekane kama jasho la farasi aliyechoka kabla ya kuanza. Watu wakamwona, wakatikisa kichwa, bei ikapanda. Akashinda kwa 10 kwa 1, akiwaacha wenzake mbali kweli.

Mwaka 1976 Murphy na mkufunzi wake walikutwa na hatia ya kula njama ya kuwalaghai mabuki, wakatozwa faini ndogo ambayo jaji mwenyewe hakuonekana kuifurahia.

Ukiniuliza ni wapi hasa walivuka, nitakuonyesha ile sabuni. Kuhusu farasi wake, Curley alinyamaza. Hawa walisema uongo, na waliusema kwa macho ya watu waliolipa kiingilio, kwenye kile kiwanja kidogo ambacho ni mahali pekee mtu asiye na siri anaweza kujitazamia mwenyewe. Wale farasi wawili wa kwenye mkeka nao ni uongo wa maandishi.

Na kubadilisha farasi kabisa?

Wizi mtupu, wala hauna falsafa. Mbio za Derby ya Epsom ni za farasi wa miaka mitatu. Mwaka 1844 aliyefika wa kwanza kwa jina la Running Rein alikuwa wa miaka minne, jina lake la kweli Maccabeus. Kesi ilipofika mahakamani jaji alitaka farasi aletwe, kinywa kifunguliwe, meno yahesabiwe. Farasi akawa ametoweka. Ushindi akapewa Orlando.

Kisa cha Brisbane, Australia, Agosti 1984, kinachekesha zaidi. Fine Cotton alikuwa farasi wa hivihivi. Badala yake akapelekwa Bold Personality, mwenye uwezo mkubwa na rangi tofauti. Wakamtia rangi ya nywele, miguu wakampaka rangi nyeupe. Bei ilianza 33 kwa 1 ikaporomoka mpaka 7 kwa 2, kwa jinsi siri ilivyokuwa imeshasambaa. Alishinda kwa pua, na watu uwanjani wakaanza kupiga kelele kwamba farasi amebadilishwa kabla hata majaji hawajatangaza. Kwa mada yetu, la muhimu ni kwamba baba mmoja na mwanawe, mabuki wakubwa, walifungiwa viwanja vya mbio kwa miaka mingi. Hawakuonekana kuwa ndio waliombadilisha farasi. Walifungiwa kwa kuwa wasimamizi waliona walijua mapema.

Anayeshinda kwa hesabu na kompyuta, naye ana siri?

Hapana. Bill Benter, Mmarekani aliyehamia Hong Kong miaka ya 1980, alitengeneza programu ya kukadiria nafasi ya kila farasi kutokana na rekodi ambazo yeyote angeweza kuzinunua. Akatajirika sana, na mwaka 1994 akachapisha makala kueleza njia yake. Fedha alizipata kwa wenzake wa kapuni, hilo kweli. Lakini aliwashinda kwa kukesha.

Sheria inasemaje?

Uingereza sheria ya kamari ya 2005, kifungu cha 42, inafanya udanganyifu katika kamari kuwa kosa, kifungo mpaka miaka 2. Kifungu hicho hakisemi farasi tu. Watu waliobeti tarehe ya uchaguzi wa Uingereza wa 2024 wakituhumiwa kuijua kabla haijatangazwa walifunguliwa mashtaka kwa kifungu hichohicho.

Kuthibitisha ni kazi nyingine. Mwaka 2007 joki maarufu Kieren Fallon na wenzake walifikishwa mahakamani London wakidaiwa kupanga farasi washindwe. Kesi ikavunjika Desemba, wote wakaachiwa. Shahidi mtaalamu wa mashtaka alikuwa msimamizi wa mbio kutoka Australia, aliyekiri kwamba si mtaalamu wa kanuni za Uingereza. Na hesabu zilionyesha kwamba kwenye mbio zilizotiliwa shaka Fallon alishinda mara nyingi kuliko kawaida yake. Tangu hapo, mtu akiniambia "joki yule alimvuta farasi asishinde, nilimwona kwa macho yangu", namuuliza kwanza alikuwa ameweka shilingi ngapi.

Kwa nini wasitangaze tu kila kitu?

Wapo waliokaribia. Hong Kong farasi hupimwa uzito wa mwili na uzito huo hutangazwa kabla ya mbio. Mazoezi yake ya kila asubuhi yamo kwenye kumbukumbu za umma, na ripoti za daktari wa mifugo pia. Mtu aliyekaa kibarazani anajua kwamba farasi fulani alitoka damu puani miezi miwili iliyopita. Uingereza walichelewa: tangu Januari 2018 ndipo kijitabu cha mbio kikaanza kuonyesha kwamba farasi amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa. Kabla ya hapo, farasi aliyekuwa anakoroma kama gari bovu angeweza kurudi anapumua vizuri, na wanaojua ni banda na marafiki wa banda.

Hii kwangu ndiyo njia, kuliko kufukuzana na minong'ono. Wenye farasi wa Uingereza hulalamika kwamba mambo ya mnyama wao si ya umma. Sawa, lakini fedha ya umma wanaipenda.

Mimi ni Mwislamu na kamari ni haramu. Mbio za Dubai nazo zina shida hii?

Qur'ani imekataza kamari wazi (al-Maida, aya ya 90). Mbio zenyewe hazikukatazwa. Hadithi mashuhuri imeruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na mafakihi wakajadili kwa kina nani atoe zawadi ili isigeuke kamari. Ikitoka kwa mtawala au mfadhili asiyeshindana, hakuna tatizo. Dubai World Cup, iliyoanza 1996 na mshindi wake wa kwanza akiwa farasi Cigar wa Marekani, inakwenda kwa mfumo huo: zawadi kubwa, wala hukuti dirisha la kubeti pale uwanjani. Kuna shindano la bure la kutabiri washindi.

Ila mbio hizohizo zinabetiwa London na kwingine. Saisi wa Meydan, uwanja wa mbio hizo za Dubai, mwenye siri ya kikohozi anaweza kuituma kwa simu, na swali letu linarudi palepale. Mashindano ya punda wa Lamu wakati wa Maulidi ndiyo sijasikia mtu akimficha punda.

Kuna mtu Telegramu anauza "habari za bandani za uhakika" kwa shilingi mia tano. Ninunue?

Curley alitumia bahasha zilizofungwa ili hata watu wake mwenyewe wasijue mapema jina la farasi, kwa kuwa siri ikienea bei inakufa. Huyu wako anaitangaza kwa watu elfu nne.

Mimi ni saisi. Shemeji yangu ananiuliza kila wiki farasi yupi. Nifanyeje?

Kaka, najua shemeji hakatai kirahisi. Kusema "huyu wetu anakula vizuri, tuna matumaini" ni maongezi ya kibarazani, kila banda linasema hivyo. Kupokea fedha kwa ajili ya habari ambayo haijatangazwa ni jambo jingine, na kwa kanuni za Uingereza, kwa mfano, ni kosa la kukufukuzisha kazi na kukufungia viwanja. Ubaya zaidi, aliyekulipa leo kwa habari atakuja kesho kutaka jambo. Ataanza kwa kuuliza kama farasi anakunywa maji mengi. Mwambie shemeji mwajiri amekataza, umalize.

Wewe mwenyewe umewahi kutumia siri?

Mara moja. Jirani yangu wa zamani alikuwa saisi, na asubuhi moja tukingoja matatu alinong'ona kwamba farasi mmoja aliyetegemewa na wengi hakumaliza shayiri yake usiku. Farasi kuacha chakula ni dalili mbaya. Nilikuwa na rafiki aliyekwisha kuniambia anakwenda kumwekea huyohuyo shilingi elfu mbili. Nilihangaika nafsi njia nzima: nikimwambia nimetoboa siri ya mtu, nisipomwambia nimemwacha rafiki aliwe. Nikamwambia. Akahamishia hela zake kwa farasi mwingine.

Yule wa shayiri alishinda kwa urefu wa farasi wanne. Rafiki yangu mpaka leo tukikaa mezani chakula kikibaki kwenye sahani yangu, ananyanyua sauti kuuliza kama leo nitakimbia.